Picha Haijui Mkono Uko Wapi

Wanangu mnaoanza kazi ya chumba cha upasuaji, mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukitafuta tezi za kwapani kabla ya mashine na baada ya mashine. Nadhani mlitegemea niseme kwamba zamani tulikuwa mashujaa. Hatukuwa mashujaa. Tulikuwa tunatafuta kitu kidogo kama harage ndani ya mafuta yenye rangi ileile ya harage, na mara nyingi tulikiondoa pamoja na majirani zake wote ili tusisumbuke kuuliza kipi ni kipi.

Naitwa Nyangeta. Nimezaliwa Majita, upande wa Mara, katika nyumba ya wavuvi waliolima mihogo, na nimestaafu nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja hapa Mwanza. Jina la hospitali naliacha, kwa sababu baadhi ya watu niliokosea pamoja nao bado wako kazini na wana watoto wa kusomesha.

Saratani ya titi ikitaka kusafiri, kituo chake cha kwanza mara nyingi ni tezi za kwapani. Daktari anataka kujua kama imeshafika hapo. Zamani jibu lilikuwa rahisi: ondoa tezi zote, peleka maabara. Mgonjwa alipona, lakini maji ya mwili yaliyokuwa yakipita kwenye zile tezi yalikosa njia, na mkono ukavimba. Nimeona mikono iliyovimba mpaka mama anapasua mshono wa blauzi ili aweze kuivaa. Tuliwaambia wamshukuru Mungu kwamba wako hai. Walimshukuru, kisha wakaenda kutafuta mtu wa kuwachotea maji.

Halafu ikaja rangi ya buluu. Daktari anachoma rangi kidogo karibu na chuchu, rangi inasafiri, na tezi ya kwanza kuipokea inageuka buluu. Hiyo tukaiita tezi ya mlinzi. Mlinzi akikutwa mzima, waliomo ndani ya nyumba tunawaacha walale. Ni njia nzuri, na mimi nilifanikiwa kuiharibu siku ya pili tu.

Kazi yangu ilikuwa kumweleza mgonjwa kwamba baada ya upasuaji mkojo wake utakuwa wa kijani kwa siku moja hivi. Nikasahau. Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima kutoka Ukerewe. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, mizigo imefungwa, na mume wake amesimama karibu na mlango ameshika kofia.

"Shikamoo baba. Mnakwenda wapi na kidonda bado kibichi?" nikauliza.

"Marahaba," yule mzee akajibu. "Tunakwenda kwa mtu anayeweza kutuambia nani amemfanyia mke wangu hivi."

"Ni sisi, baba. Ni rangi tu tuliyomtia."

 Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyetupa ruhusa ya kumtia rangi mke wa mtu.

Nikaenda kumwita Dokta Masatu. Huyu ndiye alikuwa bingwa wetu wa upasuaji, Mkerewe mrefu mwenye sauti ndogo, na karibu kila kitu ninachokijua nilikipata kwake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza nao Kikerewe, akashika upindo wa khanga mpya ya yule mama na kuwaonyesha jinsi nguo mpya inavyotoa rangi inapofuliwa mara ya kwanza. Mizigo ikafunguliwa. Tulipotoka nje aliniambia, "Nyangeta, mgonjwa usipomwambia wewe, atajiambia mwenyewe. Na atajiambia jambo baya kuliko lako."

Dokta Masatu alipapasa kwapa akiwa amefumba macho. Alituambia tezi nzima inateleza chini ya kidole kama harage lililoiva, na yenye saratani ni kama lile moja ambalo sufuria nzima imeiva lenyewe likakataa. Alikuwa anapatia. Alipatia mara nyingi mno, na hilo ndilo tatizo la mtu anayepatia: sisi wengine tuliacha kufikiri, tukawa tunasubiri vidole vyake viseme.

Nilipobakiza miaka michache kustaafu akaja Dokta Zulfa. Amezaliwa Mirongo, hapahapa Mwanza, baba yake fundi cherehani na babu yake fundi cherehani, na alivyoshona ngozi ya mtu ungejua bila kuambiwa. Kwenye korido aliniamkia "Shikamoo sista," nami nikaitikia "Marahaba mwanangu." Tukishavuka mlango wa chumba cha upasuaji, yeye ndiye aliyekuwa mama na mimi mtoto. Alikuwa amesoma nje, akarudi na mashine ya kujaribiwa. Mashine ililetwa na mtaalamu wake kutoka Dar, anaitwa Kelvin, aliyevaa viatu vyeupe kuliko mashuka yetu.

Niwaeleze mashine yenyewe, maana ninyi mtaikuta imekuwa jambo la kawaida. Kwanza mgonjwa anapigwa picha ya sitiskani akiwa amebandikwa vialama kifuani. Siku ya upasuaji kuna kamera yenye macho mawili, imesimama kwenye mti wa chuma. Kuna kifaa kama kalamu, chenye vigololi vya kijivu, na vigololi vingine vinafungwa kwenye kifua cha mgonjwa. Kamera inavitazama vigololi, kompyuta inapiga hesabu, na kwenye skrini unaona ncha ya kalamu imefika wapi ndani ya ile picha. Daktari anatembea ndani ya kwapa kama mtu anayeongozwa na simu kwenda kwenye harusi asiyoijua nyumba yake.

"Sista, hii kitu haikosei," Kelvin aliniambia. "Inaona mpaka milimita."

Nikamwuliza ikitokea mtu amesimama mbele ya kamera.

"Hapo haioni," akasema. "Lakini kwa nini mtu asimame mbele ya kamera?"

Nikajua hajawahi kukaa kwenye chumba chetu, ambamo watu saba wanafanya kazi mahali pa watu wanne.

Sasa nifike kwa Mama Minza. Alikuwa anauza chai na chapati stendi ya mabasi ya Nyegezi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye siku ya kwanza kliniki alijitambulisha hivi: "Mimi ni Msukuma ninayesukuma." Saratani ilikuwa titi la kushoto, na tezi moja ya kwapani ilikuwa imeshaipata. Daktari aliweka kichuma kidogo kama punje ya mchele ndani ya tezi ile ili isipotee, kisha Mama Minza akapewa dawa za dripu kwa miezi. Dawa zilifanya kazi vizuri. Uvimbe ukanywea, tezi nayo ikanywea. Mpango ukawa kuitafuta tezi yenye kichuma, kuitoa pamoja na walinzi wachache, na maabara wakizikuta safi, zilizobaki zisiguswe.

"Nitaweza kusukuma?" ndilo swali pekee aliloliuliza.

Dokta Zulfa akamjibu, "Tukiipata hiyo moja, utaweza. Tukilazimika kutoa zote, siwezi kukuahidi, mama."

Siku ya sitiskani mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza. Dokta Zulfa alinieleza vizuri, sina pa kujifichia. "Sista, mkono wake ukae kwenye picha kama utakavyokaa mezani. Pembeni. Usiwe juu ya kichwa." Kelvin akanipa mto maalumu wa kuushikilia.

Mama Minza alikuwa mpana na tundu la mashine ya picha lilikuwa jembamba. Tulimlaza, tukauweka ule mto, mkono ukagonga ukuta wa tundu. Tukausogeza, akaguna kwa maumivu ya bega. Mpiga picha akasema kifua siku zote anakipiga mikono ikiwa juu, na hakuna daktari aliyewahi kulalamika. Nikasema haya, inua. Nilikuwa na sababu mbili. Bega la Mama Minza lilikuwa linamuuma, na saa yangu ya chakula cha mchana ilikuwa imefika. Kila ninaposimulia habari hii, naanza na ile ya bega.

Tukainua mkono, kiwiko kikakunjwa, kiganja kikagusa kichwa. Picha ikatoka nzuri sana. Nikarudi, nikaulizwa, "Imekwendaje, sista?" Nikasema, "Salama."

Siku ya upasuaji ilifika baada ya siku chache. Mama Minza akalazwa usingizi, mkono wa kushoto ukanyooshwa pembeni juu ya ubao wake kama kawaida. Dokta Zulfa alikuwa mpasuaji. Dokta Masatu, aliyekuwa karibu kustaafu, aliomba mwenyewe awe msaidizi; alisema anataka kuona kompyuta ikipapasa. Mimi nilikuwa kwenye meza ya vifaa. Kelvin akagusisha kalamu kwenye alama za kifuani, moja baada ya nyingine, na skrini ikatoa rangi ya kijani.

"Imekubali," akasema.

Nami niliona imekubali, nikafurahi. Sikuwa nimeunganisha chochote kichwani. Huo ndio ukweli.

Dokta Zulfa akafungua kwapa, akashusha kalamu, na skrini ikaonyesha ncha imefika kwenye tezi. Akatenganisha taratibu. Palikuwa na mafuta. Akaenda ndani kidogo, mafuta. Skrini ilikuwa inamwambia ameshafika, amesimama juu yake kabisa.

"Niruhusu," Dokta Masatu akasema. Akaingiza kidole, akafumba macho. Sote tukasubiri vidole viseme, kama ilivyokuwa desturi yetu. "Hii hapa. Chini zaidi, pembeni. Ngumu."

Wakaitoa. Ikapelekwa kwenye eksirei ndogo ya vipande vinavyotolewa mwilini, iliyokuwa chumba cha jirani, tuone kama ina kichuma. Jibu likarudi: hakuna kichuma.

Kalamu ikashushwa tena. Mafuta tena. Kelvin akafuta lenzi za kamera, akazima, akawasha. Kijani. Imekubali. Nilimwona anafuta jasho kwa mkono wa gauni, nikamhurumia; mashine yake ilikuwa inasema uongo kwa kujiamini sana, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Zulfa," Dokta Masatu akasema, "tumejaribu kwa kompyuta, tumejaribu kwa kidole. Toa zote. Ndivyo tulivyofanya siku zote, na watu wanaishi."

 Dokta Zulfa alikuwa anautazama ule mkono mnene ulionyooshwa kwenye ubao, na mimi nikautazama kwa sababu yeye anautazama. Ndipo nikaona. Mkono ulikuwa pembeni. Kwenye picha ulikuwa juu ya kichwa. Kifua, palipobandikwa alama, kilikuwa hakijasogea, ndiyo maana mashine ilikubali. Kilichosogea ni kwapa. Ninyi inueni mkono sasa hivi, shikeni kwapa, mtaona kila kitu kinavyohama. Picha haina namna ya kulijua hilo. Aliyelijua ni mimi.

Wanangu, nimewahi kudondosha vifaa, nimewahi kuhesabu pamba vibaya tukahesabu upya mara tatu, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilijiambia labda siyo sababu. Nilijiambia Dokta Masatu amesema watu wanaishi. Mkasi wa kutolea tezi zote ulikuwa mkononi mwangu, na Dokta Zulfa akanyoosha kiganja ili nimpe.

Sikumpa.

"Daktari," nikasema, "picha ilipigwa mkono ukiwa juu. Mimi ndiye niliyeruhusu."

Dokta Zulfa akarudisha kiganja chake. 

"Juu kabisa?" akauliza.

"Juu ya kichwa."

"Kiwiko kimenyooka au kimekunjwa?"

"Kimekunjwa. Kiganja kilikuwa hapa." Nikataka kuonyesha kwenye kichwa changu, nikakumbuka glavu zangu ni safi, nikaishia hewani.

Nilitegemea anifukuze. Akasema, "Basi uinue wewe. Unakumbuka wewe."

Mkono wote ulikuwa umesafishwa na kufungwa kitambaa safi, kwa hiyo iliwezekana. Muuguzi mwenzangu akachukua meza ya vifaa, nami nikasimama upande wa kichwa, nikauinua mkono wa Mama Minza na kuukunja taratibu, huku mtaalamu wa usingizi akinikumbusha bega, bega. Nikauweka kama nilivyoukumbuka. Kelvin akarudia kugusa alama.

"Haioni," akasema. "Sista, kichwa chako kinaziba kamera."

Nikainama.

"Bado kidogo."

Nikakunja magoti. Na hivyo ndivyo nilivyokaa karibu saa nzima, nusu nimesimama nusu nimechuchumaa, nimeshika mkono mzito kuliko mtoto wa miaka mitatu, nikiwa karibu kustaafu kwa umri. Mashine inayoona mpaka milimita ilikuwa imepata mti wa kuegemea, na mti wenyewe una shinikizo la damu.

Kalamu ikashuka. Safari hii ilikwenda mahali pengine kabisa, juu zaidi, karibu na mshipa mkubwa. Dokta Zulfa akatenganisha kwa ncha ya koleo. Ikatoka tezi ndogo, ya kijivu, ambayo mimi nisingeitilia shaka hata ingekuwa kwenye mchuzi. Wakaipeleka eksirei. Tukasubiri. Sikuweza kushusha mkono, wala hakuna aliyeniambia niushushe.

Mlango ukafunguliwa, mtu akasema, "Kichuma kimo."

Dokta Masatu akaomba kuishika. Akaibonyeza kati ya vidole viwili, macho wazi safari hii.

"Nilipita hapa mara mbili," akasema. "Ni laini."

"Dawa zimeilainisha," Dokta Zulfa akamwambia. "Zimeondoa kile ulichokuwa unakitafuta."

Mzee akatikisa kichwa pole pole. Nilimfahamu vya kutosha kujua hakuona aibu. Alikuwa anajifunza, na jambo hilo halikumfurahisha. Wakatoa walinzi wengine wawili, wakafunga.

Baadaye Dokta Zulfa alinikuta kwenye korido nimekaa kwenye benchi. Akaniamkia kama kawaida. Nikaitikia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, sista?"

"Niliona ni jambo dogo."

"Na leo?"

"Nilifikiria chapati zake."

Akakaa pembeni yangu. Nikamwuliza kwenye ripoti ataandika nini. Akasema ataandika kilichotokea na jina langu litakuwamo. Kweli likawamo, mara mbili: mara moja penye kosa, mara moja penye marekebisho. Ndiyo ripoti pekee ya upasuaji iliyowahi kunitaja, na kwa muda mrefu sikujua nijisikie vipi. Tangu hapo, kabla ya kulinganisha picha, mtu mmoja lazima asome kwa sauti jinsi mkono ulivyokaa siku ya picha, na mwingine auangalie ulivyokaa mezani. Msiicheke kanuni hiyo. Kila kanuni ya kijinga mnayoikuta ukutani ina mtu kama mimi nyuma yake.

Kelvin naye alipiga picha za siku ile kwa ajili ya kuionyesha mashine kwingine. Alinionyesha moja kwenye simu. Kamera inang'aa, skrini inang'aa, Dokta Zulfa ameshika kalamu, na pembeni kuna kitu kimeinama, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Nikamwuliza ni kitu gani kile. Akaikuza picha, akaitazama, akasema pole sista.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku kadhaa. Tezi zote safi, pamoja na ile yenye kichuma. Dawa zilikuwa zimeimaliza saratani humo. Kwapa la Mama Minza likaachwa kama lilivyo. Nilimsindikiza hadi getini siku aliporuhusiwa, nikampa maelekezo mengi sana, maana sikuwa bado nimejisamehe.

Aliporudi kliniki baada ya miezi, nilikuwa chumbani na Dokta Zulfa. Daktari akachukua tepu, akapima mkono wa kushoto juu ya kiwiko na chini ya kiwiko, akapima wa kulia. Akarudia. Hakukuwa na tofauti ya maana. Nikageukia dirisha nikajifanya natafuta faili.

"Unaendeleaje na kazi, mama?" daktari akamwuliza.

"Nasukuma, lakini kwa shida. Mkono unauma, mpaka usiku silali."

 Dokta Zulfa akaushika ule wa kushoto, akabonyeza hapa na pale. "Unauma wapi?"

"Siyo huo," Mama Minza akasema. "Huo mzima kabisa. Ni huu wa kulia."

"Wa kulia umefanya nini?"

"Ndio unaofanya kila kitu. Unachota, unakanda, unasukuma, unabeba chupa za chai. Huu wa kushoto nimeupumzisha tangu nitoke hapa. Sijaunyanyulia hata kikombe."

Daktari akashangaa. "Nani alikuambia usiutumie?"

Mama Minza akanionyesha kwa kidevu, kwa heshima zote. "Sista. Siku ile getini."

Dokta Zulfa akanitazama. Nikasogea, nikamwambia Mama Minza kwamba sasa mkono wa kushoto aanze kuutumia, kidogo kidogo, kuanzia kesho asubuhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina uhakika.

Nikamgeukia daktari nikamwuliza.